Mnataka Mheshimiwa Atie Saini Wapi? Uchambuzi wa kisa cha watafiti waliopeleka wazo kubwa kwa mtu mwenye mamlaka

Mipaka ya uchambuzi

Kisa hiki kinahusu kikundi kidogo cha watafiti kilichojaribu kumshawishi mtu mmoja mwenye sauti kubwa auchukulie kwa uzito mustakabali wa akili mnemba (AI). Majina, nchi, taasisi na vyeo halisi vimeondolewa, na mambo machache yasiyoathiri mantiki ya kisa yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Watafiti wataitwa Kikundi. Aliyelengwa ataitwa Mdhamini, kwa kuwa mamlaka yake yanayotuhusu hapa yalitokana na kiti chake katika bodi ya wadhamini wa mfuko mkubwa wa uwekezaji, na aliyeshika ratiba na mafaili yake ataitwa Msaidizi. Uchambuzi umetokana na kumbukumbu za vikao na mazungumzo na pande zote mbili baada ya mambo kutulia. Mwandishi hakushiriki katika hatua yoyote.

Usuli

Mwaka 2023 ulibadilisha mazingira ya mjadala huu. Mwezi Machi ilitolewa barua ya wazi iliyozitaka maabara zisitishe kwa angalau miezi 6 ufunzaji wa mifumo yenye uwezo unaozidi GPT-4, mfumo wa akili mnemba wa kampuni ya OpenAI. Mwezi Mei likafuata tamko la sentensi moja tu, lililotaka kupunguza hatari ya binadamu kutoweka kwa sababu ya akili mnemba kuwe kipaumbele cha dunia sambamba na magonjwa ya mlipuko na vita vya nyuklia, nalo lilitiwa saini na watafiti kama Geoffrey Hinton na Yoshua Bengio pamoja na wakuu wa kampuni zilezile zinazounda mifumo hiyo. Mwezi Novemba nchi 28 na Umoja wa Ulaya zikaafikiana tamko la pamoja huko Bletchley Park, Uingereza. Jambo ambalo kwa miaka mingi lilizungumzwa na wachache likapata wasikilizaji katika ofisi za juu, na watafiti wengi wakaona mlango umefunguka.

Kikundi kilikuwa miongoni mwao. Kilikuwa na watu wa hisabati, wa falsafa, na mmoja aliyewahi kufanya kazi serikalini. Wazo lao lilikuwa na sehemu mbili: kwamba katika maisha ya watu wanaoishi leo huenda mifumo ikawazidi binadamu katika kazi nyingi za akili, na kwamba wanaoshika mitaji mikubwa wana wajibu katika jambo hilo hata kama hawajui jinsi modeli moja, yaani mfumo unaojifunza kutokana na data, inavyofunzwa. Sehemu ya kwanza waliijua barabara. Ya pili walikuwa hawajaifikiria vya kutosha, na upungufu huo unaeleza mengi yaliyofuata.

Mdhamini alikuwa kiongozi mstaafu aliyealikwa kila mahali kuhutubia. Alisoma sana, alipenda mawazo makubwa, na alikuwa na kipaji adimu cha kulifanya jambo gumu lisikike jepesi. Kikundi kilimchagua kwa sababu ya kipaji hicho, na kipaji hichohicho ndicho kilichokiponza.

Mkutano wa kwanza

Barua ya kuomba miadi ilimweleza Mdhamini kuwa mmoja wa watu wachache sana wanaoweza kugeuza mwelekeo wa historia. Ilikuwa kilemba cha ukoka, na waliomvika walijua hivyo, kwani rasimu ya kwanza iliyobaki kwenye kumbukumbu haikuwa na sentensi hiyo. Miadi ilipatikana. Siku ya kikao muda ulipunguzwa mara mbili, kama ilivyo kawaida ya ofisi za namna hiyo, na Kikundi kikalazimika kuamua papo hapo ni slaidi zipi zibaki.

Uamuzi huo unastahili kuangaliwa kwa makini. Slaidi kuu ilitokana na utafiti wa maoni uliofanywa mwaka 2023 miongoni mwa watafiti 2,778 wa akili mnemba, matokeo yake yakatolewa Januari 2024. Watafiti hao waliulizwa ni lini mashine, bila msaada wa binadamu, zitaweza kufanya kila kazi vizuri zaidi na kwa gharama ndogo kuliko binadamu. Makadirio yao yalipojumlishwa, uwezekano ulikuwa asilimia 10 ifikapo 2027 na asilimia 50 ifikapo 2047. Lakini utafiti huohuo uliuliza pia jambo linalokaribia kuwa lilelile kwa maneno mengine, yaani ni lini ajira zote zitaweza kufanywa na mashine kikamilifu, na hapo asilimia 50 ilisogea hadi mwaka 2116. Tofauti ya karibu miaka 70 ilitokana kwa sehemu kubwa na namna swali lilivyoulizwa. Kwa msomaji makini, hiyo ndiyo habari kubwa kuliko zote katika utafiti ule: kwamba wanaounda mifumo hii hawana picha moja thabiti ya wakati.

Slaidi ya 2027 na 2047 ilibaki. Ya 2116 iliondolewa. Sababu iliyoandikwa pembeni ni kwamba ingemchanganya Mdhamini, na haikuwa hila. Waliamini kwamba mtu mwenye dakika chache apewe kiini, na maelezo yangekuja baadaye.

Mdhamini alisikiliza kwa utulivu, akauliza maswali mawili mazuri kuhusu jinsi mifumo inavyopimwa kabla ya kutolewa, akawashukuru kwa maneno ya moyoni. Kikundi kilitoka kikiamini kwamba kazi imekwisha. Hawakuwa wamemwomba kitu chochote.

Hotuba

Majuma machache baadaye Mdhamini alihutubia hadhira kubwa, akasema kwamba wataalamu zaidi ya 2,700 wamekubaliana kuwa ifikapo 2027 mashine zitakuwa zimempita binadamu. Uwezekano mmoja kati ya kumi ukawa makubaliano. Hakukusudia kutia chumvi. Alifanya kile ambacho wasemaji hodari hufanya, akachukua kilicho kikali zaidi na kukiweka wazi.

Mhadhiri mmoja wa chuo kikuu alijibu hadharani kwa adabu na kwa takwimu kamili, ikiwamo ile ya 2116. Wengine hawakuwa na adabu hiyo. Msaidizi alipouliza takwimu zilitoka wapi, Mdhamini alimwonyesha slaidi. Kuanzia hapo barua pepe za Kikundi hazikujibiwa.

Ndani ya Kikundi kulizuka mabishano. Baadhi walisema mwelekeo wa hotuba ulikuwa sahihi ingawa idadi zilikosewa, na kwamba kumsahihisha mtu aliyejitolea kusema kungemvunja moyo. Mmoja wao, yule aliyetoka serikalini, alishikilia kwamba Mdhamini alikuwa ameuziwa mbuzi kwenye gunia, na kwamba kila siku ya kukaa kimya ilikuwa ikiwageuza wauzaji kuwa wadanganyifu. Hoja yake ilishinda kwa shida. Iliandikwa barua fupi isiyo na sifa wala ombi: ilieleza ni slaidi gani iliondolewa na kwa nini, ikaambatanisha majibu ya maswali yote mawili ya utafiti, na ikamruhusu Mdhamini kuitoa hadharani akitaka.

Hakuitoa. Lakini baada ya muda Msaidizi alipiga simu.

Swali la Msaidizi

Msaidizi aliwapokea peke yake. Aliwasikiliza, kisha akauliza mambo mawili. La kwanza lilikuwa nani anawalipa. Kikundi kilieleza kwamba sehemu ya fedha zake ilitoka kwa mfadhili ambaye pia alikuwa na hisa katika kampuni ya akili mnemba. Habari hiyo haikuwa siri, ila hakuna aliyekuwa ameitamka katika kikao cha kwanza. Msaidizi aliiandika, akasema ingekuwa ukurasa wa kwanza wa faili na si wa mwisho.

La pili limebaki katika kumbukumbu neno kwa neno: "Ndugu zangu, nimewaelewa. Sasa mnataka Mheshimiwa atie saini wapi?"

Hawakuwa na jibu. Walisema wanataka alielewe suala, alipe kipaumbele, alizungumzie. Msaidizi akawakumbusha kwamba alikuwa amelizungumzia tayari.

Awamu ya pili

Maandalizi ya kikao cha pili yalichukua muda mrefu kuliko ya kwanza, na maamuzi matatu yaliyofanywa yanafaa kuelezwa pamoja na sababu zake.

Kwanza, Kikundi kilianza na mamlaka ya Mdhamini badala ya wazo lao wenyewe. Walisoma kanuni za mfuko na taarifa zake za mwaka, wakagundua kwamba kupitia mameneja wa uwekezaji mfuko ulikuwa na hisa katika kampuni kadhaa zinazofunza modeli kubwa. Wadhamini hawakuwa na uwezo wa kuamua modeli gani ifunzwe, ila walikuwa na haki ya kuuliza. Na lilikuwapo jambo la kuuliza, maana Mei 2024, katika mkutano wa kimataifa wa akili mnemba uliofanyika Seoul, Korea Kusini, kampuni 16 ziliahidi kuchapisha, kabla ya mkutano wa Ufaransa wa Februari 2025, mifumo yao ya usalama inayoeleza hatari zipi zingekuwa kubwa mno kuvumilika na zingechukua hatua gani zikifika hapo. Ahadi yenye tarehe ina faida moja ambayo utabiri hauna: mtu asiye mtaalamu anaweza kukagua kama imetimizwa.

Pili, walimwalika mpinzani. Alikuwa mtafiti wa madhara ya sasa ya mifumo hii, yaani ubaguzi katika maamuzi ya kikompyuta, unyonyaji wa wanaochambua data, na mamlaka kurundikana katika kampuni chache, ambaye aliamini kwamba mazungumzo ya kutoweka kwa binadamu huyafunika mambo hayo. Msimamo huo una watetezi wenye uzito. Mtafiti wa maadili ya akili mnemba Timnit Gebru na mwanaisimu Emily Bender walikuwa miongoni mwa walioipinga barua ya Machi 2023 kwa hoja za namna hiyo. Baadhi ya wanakikundi waliona ni ujinga kumkaribisha mshindani mezani. Aliyewashawishi aliwaambia kwamba Mdhamini angekutana na hoja hizo kwa vyovyote, na afadhali akutane nazo wakiwapo.

Tatu, hakukuwa na slaidi. Kurasa mbili zilipelekwa kwa Msaidizi mapema, naye akazirudisha zikiwa na alama nyingi za kalamu. Ukurasa wa pili ulikuwa na safu mbili, moja ya mambo Kikundi kilichoyaona kuwa na ushahidi, nyingine ya mambo ambayo wataalamu hawakubaliani.

Kikao kilikuwa kikavu. Mpinzani na Kikundi walibishana kuhusu miaka 20 ijayo kwa muda mrefu kuliko ilivyopangwa, Mdhamini akiwatazama kwa zamu, hadi alipogundua mwenyewe kwamba hawakuwa wakibishana kuhusu ukurasa wa maswali. Mpinzani alitaka kuongezwa swali la data na wafanyakazi, Kikundi kikakubali, na ukurasa ukapelekwa kwenye bodi.

Matokeo

Bodi iliyapitisha maswali baada ya kuyapunguza makali. Mameneja wa uwekezaji walitakiwa kuyawasilisha kwa kampuni husika kila mwaka na kuripoti majibu. Katika mzunguko wa kwanza baadhi ya kampuni zilielekeza kwenye nyaraka zilizochapishwa, nyingine zilitoa majibu ya jumla yasiyo na maana, na nyingine hazikujibu kabisa. Hakuna hisa iliyouzwa. Mdhamini aliacha kutaja miaka katika hotuba zake, akaanza kusema kwamba wataalamu wenyewe hawaafikiani, ila alikataa kutia saini tamko lolote la hadhara. Mwanakikundi mmoja alijiuzulu, akiandika kwamba suala la hatima ya binadamu limegeuzwa kuwa fomu.

Uchambuzi: wazo lilifika, shaka ikabaki njiani

Maelezo rahisi ya kisa hiki ni kwamba Mdhamini alikosea hesabu. Maelezo hayo hayatoshi. Kikao cha kwanza kilipangwa kwa namna ambayo hitimisho lilikuwa jepesi kubebeka na mashaka yake hayakubebeka, na mtu yeyote mwenye kipaji cha kusema angetoka na kitu kilekile. Wanaojua suala kwa kina huwa na mashaka yao kichwani bila kuyatamka, kama mpishi asiyepima chumvi. Wanapolirahisisha kwa ajili ya mgeni, wanadhani wamepunguza maneno tu, kumbe wamempa jambo jingine. Slaidi ya 2116 haikuwa maelezo ya ziada. Bila hiyo, 2047 si makadirio bali ni unabii.

Historia ina mfano unaopaswa kusomwa kwa makini kuliko unavyosomwa kawaida. Barua ya Agosti 1939 kuhusu urani, iliyoandaliwa kwa sehemu kubwa na mwanafizikia Leó Szilárd na kutiwa saini na Albert Einstein, mara nyingi hutajwa kama ushahidi kwamba wanasayansi wachache wanaweza kumwamsha mkuu wa nchi. Kinachosahaulika ni kwamba barua yenyewe ilihifadhi shaka: ilisema kwamba kupatikana kwa mabomu ya aina mpya kunawezekana ingawa hakuna uhakika mkubwa, na kwamba huenda yakawa mazito mno kubebwa na ndege. Kisha ikaomba mambo ambayo ofisi ya rais ingeweza kuyafanya, kama vile kuteua mtu wa kuwasiliana na wanasayansi na kuangalia upatikanaji wa madini ya urani. Alexander Sachs aliyeipeleka kwa Roosevelt, rais wa Marekani, mwezi Oktoba alikuwa mchumi aliyejua njia za kumfikia rais. Matokeo ya mwanzo yalikuwa kamati na dola 6,000 za majaribio. Ukiondoa ukubwa wa yaliyofuata, hatua yenyewe inafanana sana na ukurasa wa maswali uliopitishwa na bodi.

Hata hivyo, haifai kuhitimisha kwamba ombi mahususi linatosha. Mwanafizikia Niels Bohr alikuwa nalo. Mwaka 1944 alimtaka Churchill, waziri mkuu wa Uingereza, kisha Roosevelt, wafikirie kuwaarifu Wasovieti mapema kuhusu bomu la nyuklia ili mashindano ya silaha yazuiwe. Kikao na Churchill mwezi Mei kiliharibika. Kile cha Roosevelt mwezi Agosti kilionekana kwenda vizuri. Na mwezi Septemba viongozi hao wawili wakaafikiana kulikataa wazo hilo na kutaka Bohr achunguzwe asije akavujisha siri. Ombi lilikuwa wazi, mwombaji alikuwa na heshima isiyo na kifani, na bado lilianguka kwa sababu liligongana na yale ambayo waombwa waliyaona kuwa maslahi yao makuu. Kwa kipimo hicho Kikundi kilikuwa na bahati, kwani walichokiomba hatimaye hakikumgharimu mtu kitu kikubwa. Hapo ndipo hoja ya aliyejiuzulu inapopata nguvu. Swali ambalo kampuni inaweza kulijibu kwa kutuma anwani ya tovuti haliwezi, kwa lenyewe, kubadili namna modeli inavyofunzwa.

Uchambuzi: Msaidizi, mpinzani na fedha

Kikundi kilimwona Msaidizi kama mlango wa kupita. Kumbe ndiye aliyekuwa msomaji wa kweli: yeye ndiye angeishi na matokeo ya hotuba, ndiye aliyejua kanuni za bodi, na ndiye aliyeweza kusema hapana bila kumkosea mtu heshima. Sifa zilizomfikia Mdhamini zilipita bila kupimwa, ila kurasa mbili zilizopita mikononi mwa Msaidizi zilitoka zikiwa bora. Wanaotafuta kumwona mkubwa mara nyingi hufanya kila jitihada wabaki naye bila wasaidizi wake, na kwa kawaida jitihada hizo huwagharimu.

Kumwalika mpinzani kulifanya kazi kwa sababu ambayo Kikundi hakikuitarajia. Walidhani kungeonyesha uaminifu wao, na kulionyesha, lakini faida kubwa zaidi ilikuwa kwamba Mdhamini aliona kwa macho yake mahali ambapo mabishano yanaishia. Kuambiwa kwamba wataalamu hawaafikiani ni jambo moja. Kuwaona wakibishana juu ya mwaka 2040 na kisha wakakubaliana juu ya swali la kuiuliza kampuni mwaka huu ni jambo lenye uzito tofauti kabisa.

Suala la fedha lilipita bila madhara, kwa sababu ya tabia ya Msaidizi zaidi ya uangalifu wa Kikundi. Katika uwanja ambao wafadhili, waundaji wa mifumo na wanaoonya kuhusu mifumo hiyo mara nyingi wanajuana na wakati mwingine wanalipana, anayefika kwa mwenye mamlaka bila kutaja anayemlipa anaacha silaha mikononi mwa yeyote atakayeitaja kwa niaba yake.

Kilichosalia

Muda wa Mdhamini katika bodi umekwisha, na mrithi wake hana hamu na suala hili. Maswali bado yanatumwa, kwa kuwa Msaidizi aliyaingiza katika utaratibu wa mapitio ya kila mwaka, ambao hauhitaji mtu awe na hamu nao. Wanakikundi waliobaki wanaandaa toleo la pili litakalomtaka meneja aeleze atafanya nini endapo kampuni haitajibu, na hicho ndicho kipengele ambacho bodi ilikiondoa katika toleo la kwanza.